Dai la kinundu lisirudi tena: mwongozo kamili wa misimbo ya kuondoa vinundu vya ngozi visivyo vya saratani

Mombasa hii kuna vijana si haba wanaoziandikia kliniki za ngozi za Marekani madai, yaani maombi ya malipo kwa bima, kwa mtandao, wakiwa Tudor, Bamburi au chumba kimoja Majengo. Swali ninalopokea kutoka kwao ni lilelile: "Mwalimu, dai la kinundu limerudi tena. Nimekosea wapi?"

Nikilifungua, mara nyingi nakuta fomu haina tatizo. Kosa lilifanyika mapema, pale mtu alipoona neno moja kwenye maelezo ya daktari, akakimbilia msimbo alioukariri, kisha akaanza kutafuta ushahidi wa kuutetea.

Mwongozo huu unageuza mwendo huo. Kwanza maswali matano: daktari alifanya nini, wapi mwilini, ukubwa gani, maabara ilisema nini, na kwa sababu gani. Msimbo unakuja baada ya majibu.

Neno "kinundu" humu ni chochote kinachoota au kujitokeza ngozini, hata doa bapa. Na sheria zote hapa ni za Marekani: misimbo ya CPT ya kazi aliyoifanya daktari, inayomilikiwa na American Medical Association, na misimbo ya ugonjwa ya ICD-10-CM. Usiipeleke kwenye dai la SHA au la bima ya hapa nyumbani ukidhani ni mchezo uleule.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Maelezo kamili ya daktari ya siku ile. Muhtasari wa mstari mmoja kutoka mapokezi hautoshi.
- Ripoti ya patholojia, ikiwa kuna kilichopelekwa maabara.
- CPT na ICD-10-CM za mwaka unaohusika. CPT mpya huanza kutumika tarehe 1 Januari, ICD-10-CM mpya tarehe 1 Oktoba. Kinachoangaliwa ni tarehe mgonjwa alipohudumiwa, wala si siku unayotuma dai.
- Majedwali ya NCCI, yanayoonyesha misimbo gani haiandikwi pamoja. Yako bure kwenye tovuti ya CMS, shirika la serikali ya Marekani linaloendesha Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), na hubadilishwa kila robo mwaka.
- Sera ya bima ya mgonjwa kuhusu kuondoa vinundu.
- Rula ya plastiki yenye milimita, kalamu na karatasi. Usicheke. Utaiona kazi yake hatua ya 3.
- Kompyuta yako mwenyewe yenye nywila, na mtandao wa akiba stima ikipotea.

Kompyuta ya saiba usiiguse kwa kazi hii, hata kwa "dakika mbili tu". Rekodi za wagonjwa zinalindwa na sheria ya HIPAA ya Marekani, na wewe uliyekaa hapa una Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 pia.

Pangia na saa. Kliniki ya Florida ikifungua saa mbili asubuhi, huku ni saa tisa alasiri wakati wao wa joto, na saa kumi wakati wao wa baridi. Maswali ya daktari yaandae kabla ya hapo, kwa sababu wakishaanza kuona wagonjwa hakuna atakayekujibu.

## Mgonjwa wa mazoezi

Tutatembea na mgonjwa mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Maelezo ya daktari yanasema hivi:

"Mwanamke, miaka 67, bima ya Medicare. Kinundu nyuma ya shingo, kipenyo sm 1.4. Kinashikwa na mkufu, kimetoka damu mara mbili wiki hii, kinauma. Kimekatwa unene wote wa ngozi hadi kwenye mafuta, ukingo sm 0.1 kila upande. Kimeshonwa safu moja kwa nailoni. Kimepelekwa maabara. Pia sunzua 3 mgongoni mwa kiganja cha kulia, zinauma akishika vitu, zimegandishwa kwa nitrojeni."

Yanakili kwenye karatasi yako, uache nafasi pembeni.

## Hatua ya 1: Pigia mstari kitenzi

Jina la ugonjwa liache kwanza. Tafuta daktari alifanya nini kwa mkono wake, kwa kuwa CPT hugawanya kazi hii kwa kitendo.

Kukata unene wote wa ngozi: 11400 hadi 11446, kwa vinundu visivyo vya saratani. Lazima uone kwamba kisu kilipita ngozi yote hadi kwenye mafuta.

Kunyoa: 11300 hadi 11313. Wembe umepita kwa ulalo, kinundu kimetoka, ngozi ya chini imebaki, hakuna nyuzi.

Kuharibu palepale kwa baridi, umeme, leza au dawa: 17110 kwa sunzua na vinundu vingine visivyo vya saratani hadi 14. Vikiwa 15 au zaidi ni 17111 peke yake. Hii miwili haiandikwi pamoja.

Vinyama vinavyoning'inia: 11200 kwa vinyama hadi 15, kisha 11201 kwa kila 10 vinavyofuata au sehemu ya 10. Vinyama 17 ni 11200 na 11201 moja. Vinyama 26 ni 11200 na 11201 mbili.

Biopsi: 11102 ya kunyoa, 11104 ya kutoboa, 11106 ya kukata kipande. Hapa nia ni kupata kipande cha kupima, hata kama kinundu chote kimetoka kwa bahati.

Onyo: neno "kuondoa" halitoshi kitu. Daktari aliyenyoa huandika "kimeondolewa", aliyekata huandika "kimeondolewa", na aliyechukua biopsi naye vilevile. Malipo yake yamepishana. Kama maelezo hayasemi kina wala namna, muulize.

Onyo la pili ni la uvimbe wa mafuta. Mwingi uko chini ya ngozi, na misimbo yake imo kwenye sura ya misuli na mifupa: mgongoni, kwa mfano, 21930 ukiwa chini ya sm 3, na 21931 kuanzia sm 3. Ukiuandika kwa msimbo wa ngozi umeidhulumu kliniki.

Umefaulu kama: pembeni ya karatasi una "shingo: kukata unene wote" na "mkono: kuharibu kwa baridi".

## Hatua ya 2: Weka mwili kwenye mafungu matatu

Kwa kukata na kunyoa, CPT inaugawa mwili hivi:

- Kiwiliwili, mikono, miguu: kukata ni 11400–11406, kunyoa ni 11300–11303.
- Kichwa chenye nywele, shingo, viganja, nyayo, sehemu za siri: kukata ni 11420–11426, kunyoa ni 11305–11308.
- Uso, masikio, kope, pua, midomo: kukata ni 11440–11446, kunyoa ni 11310–11313.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Sisi "mkono" ni kuanzia begani mpaka kwenye kucha, na "mguu" ni paja hadi kidole. CPT inautenga mkono (bega hadi kifundo) na kiganja, mguu na wayo. Ukisoma huku akili inatafsiri, kiganja kinaingia fungu la kwanza na dai linaharibika bila wewe kujua.

Halafu ICD-10-CM haifuati mgawanyo huo. Doa jeusi la seli za rangi (melanocytic nevus) likiwa juu ya kiganja cha kulia, kwa CPT liko fungu moja na shingo, lakini kwa ICD ni la mkono mzima, D22.61. La shingoni ni D22.4 na la kiwiliwili ni D22.5. Usichukue fungu la kitabu kimoja ukalipachika kwenye kingine.

Umefaulu kama: shingo ya mgonjwa wetu imeangukia 11420–11426. Sunzua za kiganja hazina fungu, kwa sababu 17110 haigawanywi kwa mafungu haya.

## Hatua ya 3: Pima kama fundi cherehani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa kukata, ukubwa unaoandikwa ni kipenyo kirefu zaidi cha kinundu, ukijumlisha ukingo mwembamba kabisa wa ngozi nzima uliohitajika kila upande. Kila upande ni pande mbili. Ukingo unajumlishwa mara mbili.

Chukua kifungo cha shati, kiweke juu ya karatasi, kizungushie kalamu. Tuseme kina sm 1.0. Sasa shika rula, uchore duara la pili nje yake, milimita 2 kutoka ukingoni, kote. Pima duara la nje kutoka upande huu hadi ule. Rula inasoma sm 1.4, na mwanafunzi aliyesema 1.2 anaona kwa macho yake alichosahau. Nimefundisha hesabu hii kwa maneno miezi mingi watu wakiitikia kwa kichwa tu. Kifungo na kalamu vilimaliza ubishi siku moja.

Tofauti hiyo ni pesa. Madaraja ya kukata ni haya, kuanzia msimbo wa kwanza wa fungu hadi wa mwisho:

- hadi sm 0.5
- 0.6 hadi 1.0
- 1.1 hadi 2.0
- 2.1 hadi 3.0
- 3.1 hadi 4.0
- zaidi ya 4.0

Kinundu cha mgongoni chenye sm 0.8 na ukingo wa milimita 2 ni 0.8 + 0.2 + 0.2, yaani 1.2. Hiyo ni 11402. Aliyesahau ukingo ameandika 11401. Aliyejumlisha mara moja amepata 1.0, naye akabaki kwenye 11401 bila kushtuka. Na aliyechanganya milimita na sentimita anaweza kutua kwenye daraja la zaidi ya 4.0; huyo atatafutwa na wakaguzi.

Kwa kunyoa usijumlishe ukingo. Ni ukubwa wa kinundu chenyewe, na madaraja ni manne tu: hadi 0.5, 0.6 hadi 1.0, 1.1 hadi 2.0, na zaidi ya 2.0.

Ukubwa huu upimwe kabla ya kukata, na uandikwe na daktari. Usiuchukue kwenye ripoti ya maabara. Ngozi ikishakatwa hujivuta, na ikilowekwa kwenye formalini husinyaa zaidi, kama nguo ya pamba iliyofuliwa kwa maji moto. Kipande cha 1.4 kinaweza kupimwa maabara kikasoma 1.1.

Maelezo yakiwa hayana ukubwa kabisa, mwandikie daktari ukimuuliza kipenyo na ukingo vilikuwa ngapi. Swali liwe wazi. Usimwandikie "ilikuwa zaidi ya sm 1, sivyo?" kwa sababu hapo umemwekea jibu mdomoni. Asipokuwa na kipimo, daraja la chini kabisa la fungu hilo ndilo unaloweza kulitetea.

Jambo jingine: kila kinundu kilichokatwa kina mstari wake. Vinundu viwili vya sm 1 havigeuki kimoja cha sm 2.

Umefaulu kama: kwa shingo una 1.4 + 0.1 + 0.1, jumla 1.6, na msimbo ni 11422.

## Hatua ya 4: Subiri maabara

Kinundu kilichokatwa unene wote kikaenda maabara, dai lake lisitoke kabla ripoti haijarudi. Ukubwa uleule, mahali palepale, lakini maabara ikisema ni saratani, 11422 inageuka 11622. Familia imebadilika, malipo yamebadilika, na ugonjwa unaweza kuwa C44.42 badala ya kitu kisicho na madhara.

Kliniki nyingine zina haraka, zinataka kila dai litoke siku hiyohiyo. Mimi huwa nawajibu kwamba siku chache za kusubiri ni nafuu kuliko dai lililosema "si saratani" kwa mgonjwa mwenye saratani, tena kwenye rekodi ya bima yake.

Na hapa kuna misimbo miwili inayochanganywa sana, D48.5 na D49.2. D48.5 ni ya mtaalamu wa maabara aliyetazama kipande kwa darubini akasema tabia yake haijulikani itaelekea wapi. D49.2 ni ya kinundu ambacho asili yake haijaelezwa. "Daktari hana uhakika" si D48.5. "Tunasubiri majibu" si D48.5.

Umefaulu kama: ripoti ya mgonjwa wetu imerudi na kusema keratosi ya seboreia (kinundu cha ngozi kisicho cha saratani) iliyo na uchochezi. Ugonjwa ni L82.0. Ingekuwa haina uchochezi ingekuwa L82.1, na utaona sasa hivi kwa nini tarakimu hiyo moja ya mwisho ina uzito.

## Hatua ya 5: Tafuta sababu, maana bila sababu hakuna malipo

Kinundu kisicho cha saratani kinaweza kukaa pale miaka yote bila kumdhuru mtu, na bima inalijua hilo. Kwa hiyo swali lake la kwanza ni kwa nini kimeondolewa. Jibu likiwa "hakipendezi", hailipi.

Sababu ambazo Medicare na bima nyingi huzikubali ni za aina hii: kinatoka damu, kinauma, kinawasha sana, kina uchochezi au usaha, kimebadilika rangi au kimekua, kinaziba jicho au tundu lolote la mwili, kipo mahali kinapokwaruzwa kila mara na kimeshaonyesha madhara, au kuna shaka ya saratani kwa sababu zilizoandikwa.

Soma hiyo ya mkwaruzo tena. "Kipo mahali pa mkufu" peke yake ni dhaifu. "Kinashikwa na mkufu, kimetoka damu mara mbili wiki hii" ni jambo lililotokea, lina idadi na lina wakati.

Niliwahi kupewa na kliniki moja rundo la madai yaliyokataliwa. Kila moja lilikuwa na sentensi ileile, neno kwa neno, kwamba mgonjwa anasumbuliwa na mwasho na maumivu. Mgonjwa wa mguu, mgonjwa wa kope, wote. Mtu alikuwa amebandika sentensi moja kwenye mfumo ikajazwa yenyewe. Mkaguzi haamini wagonjwa ishirini wenye mdomo mmoja, na mimi nisingeamini. Yale yaliyokuwa na maelezo ya ziada ya daktari niliyakatia rufaa. Mengine niliwaambia ukweli kwamba hayana mguu wa kusimamia.

Sababu isipokuwepo, usiitunge. Usimwombe daktari aiongeze leo kwenye maelezo ya mwezi uliopita eti ili dai lipite. Huo ni udanganyifu, na Marekani ina sheria ya madai ya uongo inayouma kliniki, daktari na aliyeandika dai.

Kama ni urembo mtupu, mgonjwa hulipa mwenyewe, na ICD yake ni Z41.1. Kwa Medicare kuna njia mbili. Kazi ya urembo haigharimiwi kabisa kisheria, na ikibidi kutuma dai huwekwa modifaya (alama ya ziada kwenye msimbo) GY. Lakini kazi ambayo kwa kawaida hulipwa, ila safari hii daktari anatarajia Medicare itasema haikuwa ya lazima, inahitaji mgonjwa asaini fomu ya ABN, ya kukubali kwamba huenda akalipa mwenyewe, kabla ya kisu kushikwa, yenye makisio ya gharama. Hapo dai huwekewa GA. Saini ikichukuliwa baada ya kazi haisaidii, na kliniki haiwezi kumdai mgonjwa hata senti.

Umefaulu kama: unaweza kuonyesha kwa kidole, kwenye maelezo ya siku ileile, maneno yanayobeba L82.0 ya shingo na maumivu yanayobeba sunzua za kiganja, B07.8.

## Hatua ya 6: Nyuzi

Kushona kwa safu moja kumo ndani ya bei ya kukata. Usikuandike.

Kushona kwa safu mbili au zaidi huandikwa peke yake, 12031 hadi 12057, na kushona kwa shida zaidi ni 13100 hadi 13153. Tofauti na vinundu, hapa urefu wa vidonda vya aina moja na fungu moja la mwili hujumlishwa pamoja.

Ubaguzi mmoja: chini ya NCCI, kinundu cha hadi sm 0.5, yaani 11400, 11420 na 11440, kimebeba kushona kwa kila namna. Hata daktari akishona safu tatu.

Mgonjwa wetu ameshonwa safu moja. Pita.

## Hatua ya 7: Modifaya

Modifaya ni tarakimu au herufi mbili zinazoieleza bima jambo ambalo msimbo peke yake hausemi. Si ufunguo bandia wa kufungulia kila kofuli.

25 hukaa kwenye msimbo wa kumwona daktari, kama 99213, kamwe haikai kwenye msimbo wa kukata. Maana yake siku hiyo daktari alishughulikia jambo jingine linalojitegemea. Kukitazama kinundu na kuamua kikatwe kumeshalipwa ndani ya bei ya kukikata. Lakini mgonjwa akija kwa kinundu kisha akatibiwa na ukurutu wa miguuni, akaandikiwa dawa, hiyo ni kazi nyingine na 25 ina haki yake. Jaribio langu ni hili: funika kwa kiganja sehemu yote ya kinundu kwenye maelezo. Kilichobaki kinatosha kuwa ziara ya daktari? Kama karatasi imebaki nyeupe, acha 25.

59 au XS ni ya kusema kazi mbili zilifanyika kwenye vinundu viwili tofauti. Fungua jedwali la NCCI, tafuta jozi yako. Kiashiria 0 hakuna modifaya itakayosaidia. Kiashiria 1 modifaya inaruhusiwa, ikiwa maelezo yanathibitisha. Jozi isipokuwepo kwenye jedwali, usiweke kitu. Biopsi na kukata kinundu kilekile siku ileile ni kazi moja, biopsi imemezwa.

24 na 79 ni za siku za baada. Kukata, kuharibu kwa baridi na kuondoa vinyama vina siku 10 ambazo ufuatiliaji wake umeshalipwa. Kunyoa na biopsi vina 0. Mgonjwa akirudi siku ya saba kutolewa nyuzi za shingo, hakuna dai. Akirudi siku hiyo kwa jambo lisilohusiana, ziara hupewa 24, na upasuaji mwingine usiohusiana hupewa 79.

Umefaulu kama: umekagua jozi ya 11422 na 17110 kwenye jedwali la robo mwaka huo, na kama inadai, XS imekaa kwenye mstari wa 17110. Shingo na kiganja ni mahali pawili, maelezo yanasema hivyo.

## Hatua ya 8: Jaza mistari

Fomu ni CMS-1500, au mwenzake wa kielektroniki. Kwa mgonjwa wetu:

- Kisanduku 21, cha magonjwa: A ni L82.0, B ni B07.8.
- Mstari wa 1: mahali pa huduma 11, ambayo ni ofisi ya daktari. Msimbo 11422, kielekezi (herufi ya ugonjwa unaohusika na mstari huo) A, idadi 1.
- Mstari wa 2: mahali 11, msimbo 17110 na modifaya kama ilihitajika, kielekezi B, idadi 1.

Idadi ya 17110 ni 1. Sunzua ni tatu, ndiyo, lakini msimbo wenyewe umeshasema "hadi 14". Ukiandika 3 umedai mara tatu.

Kielekezi nacho kisiandikwe AB kwenye mistari yote miwili kwa uvivu. Bima itasoma kwamba sunzua ilikatwa shingoni.

## Hatua ya 9: Likirudi, soma herufi kabla ya namba

Taarifa ya kukataliwa hubeba herufi na namba, mfano CO-50. CO maana yake kliniki inabeba hasara. PR maana yake mgonjwa anaweza kudaiwa. Watu husoma namba wakaruka herufi, kisha wanamtumia bili bibi wa miaka 67 asiyedaiwa kitu.

Kisha namba:

50: bima inasema haikuwa lazima kitabibu. Rudi hatua ya 5. Kama sababu imeandikwa, kata rufaa na uambatishe maelezo na ripoti ya maabara. Kama haikuandikwa, hakuna rufaa.

97: kazi hii imemezwa na nyingine. Kagua jedwali la NCCI na zile siku 10.

11: ugonjwa haulingani na kazi. Mara nyingi ni kielekezi, au umeandika L82.1 wakati maabara ilisema L82.0.

18: dai limerudiwa. Hili hujiletea mtu mwenyewe kwa kutuma upya kitu kilichokataliwa. Kwa bima nyingi za binafsi, dai lililosahihishwa huwekwa 7 kwenye kisanduku 22 pamoja na namba ya dai la kwanza. Medicare Part B, sehemu inayolipia kazi za madaktari, haipokei hiyo 7. Huko kosa dogo la uandishi huombewa dai lifunguliwe upya, na mengine huenda rufaa.

29: umechelewa. Medicare inatoa mwaka mmoja kutoka siku ya huduma. Bima za binafsi nyingi zina muda mfupi zaidi, na upo kwenye mkataba wa kliniki.

Rufaa ya kwanza ya Medicare ina siku 120 tangu kliniki ilipopokea uamuzi. Siku ya kupokea huhesabiwa kuwa ya tano baada ya tarehe iliyo juu ya taarifa, isipokuwa uwe na ushahidi wa vingine. Andika tarehe hizo mbili juu ya karatasi ileile uliyoanzia hatua ya 1, kisha pin moja ishike karatasi, ripoti ya maabara na taarifa ya kukataliwa. Karatasi ya mgonjwa halisi isiwe na jina lake, namba ya dai pekee inatosha, na ikae kwenye droo yenye kufuli.